Nyumba Inayopokea Paka

Mwenye nyumba alimsalimia paka kwanza. Aliinama pale mlangoni, mama mnene wa makamo aliyefunga kilemba mpaka juu ya macho, akasema, "Karibu, baba, karibu kwako," kisha ndipo akanyanyua uso kumtazama msusi aliyesimama na kapu mkononi. Na Chongo, paka wa jicho moja asiyejua adabu, aliyezoea kumfokea kila mtu hata anayemletea samaki, alijikunyata ndani ya kapu akajifanya kitambaa.

Msusi aliliona hilo, ila hakutaka kuliona. Mtu aliyetafuta chumba mpaka visigino vikapasuka hachagui salamu.

Paka alikuwa wa mama yake. Mama alipolala kitandani mara ya mwisho hakuuliza nani atachukua kabati wala nani atachukua vyombo. Aliuliza, "Chongo atalala na nani?" na binti akajibu, "Na mimi, mama." Ni maneno mepesi ukiyasema karibu na mgonjwa. Baada ya mazishi ndugu waligawana vilivyogawanyika, paka akamwangukia yeye, na siku ileile mwenye chumba alichokuwa akikaa akamwambia achague: paka au funguo.

Basi akaanza kuzunguka na dalali. Wenye nyumba wa mji ule wana mambo. Wanapokea mlevi, wanapokea mwenye redio ya kupasua masikio, wanapokea bwana anayegombana na mkewe mpaka mtaa mzima ukakosa usingizi, lakini paka, la. Mmoja alisema paka huleta uchafu, na huku nyuma yake panya walikuwa wakipishana mchana kweupe kama wana kikao. Mwingine alisema paka huharibu rangi ya ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa umebaki matofali. Inatia kinyaa kumsikiliza mtu anayekukataa kwa jambo ambalo mwenyewe ameoga nalo.

Dalali ndiye aliyemfundisha kukana. "Dada, wakimwona, sema si wako," alimwambia. "Sema kakufuata tu njiani. Ukishaingia na godoro, nani atakutoa?"

Msusi akazoea. Alimkana Chongo kwenye kila mlango, mpaka maneno yakawa yanatoka yenyewe, kama chafya. Ndiyo maana mama wa kilemba alipouliza kwa upole, "Huyu ni wako?" msusi, ingawa dalali alikuwa amekwisha kumwambia kwamba nyumba hii inapokea wanyama wote bila maneno, alijibu kabla hajafikiri.

"Si wangu, mama. Kanifuata tu njiani."

Mama akatabasamu. Midomo yake ilikuwa imelowa. "Kama si wako, basi ni wa nyumba," akasema, akawapisha.

Chumba kilikuwa kikubwa, kina dirisha la uani na bafu lake ndani. Kilikuwa safi, tena safi kupita kiasi. Sakafu iling'aa kama sahani iliyorambwa, na ukiitembelea miguu mitupu nyayo zilinata kidogo, zikabanduka kwa mlio. Na palikuwa na harufu. Msusi alifungua dirisha, akapiga deki kwa sabuni, akapiga tena kwa dawa, harufu haikuondoka. Haikuwa ya uvundo wala ya choo. Ilikuwa ile harufu ya kijiko kilichotoka kinywani mwa mtu mwingine kabla hujapewa wewe.

Asubuhi ya kwanza alimkuta Chongo amelowa chapachapa. Alidhani ameanguka bafuni. Alipomshika, mkono ukateleza, na ulipojitoa ulivuta nyuzi nyembamba za ute, ndefu kama za gundi. Alikimbilia bombani. Alimwosha paka kwa shampuu ya saluni, akamkausha kwa taulo, na kesho yake akamkuta vilevile, na manyoya yote yamelazwa upande mmoja, yamegawanywa kwa mstari ulionyooka kutoka kichwani hadi mkiani. Msusi amechana vichwa miaka na miaka. Alijua paka hawezi kujilamba kisogoni, na alijua mstari ule umepigwa na kitu chenye subira.

Kisha manyoya yakaanza kuisha, kwanza shingoni, baadaye mgongoni, ngozi ikabaki ya waridi, laini, imevimba kidogo. Kilichomchukiza zaidi ni kwamba Chongo hakulalamika. Alinenepa. Alilala mchana kutwa karibu na mlango wa bafu, akikoroma kwa raha.

Siku maji ya kuoga yalipogoma kwenda, msusi alichukua waya wa hanga, akaukunja ncha, akauingiza kwenye tundu la sakafuni. Kilichokuja juu kilikuja polepole, kwa sauti ya mtu anayefyonza mchuzi. Lilikuwa donge la nywele, zito, la moto kama limetoka tumboni. Alilitandaza kwa waya huku ameziba pua kwa kanga. Kulikuwa na manyoya ya paka wa rangi nyingi, ya mbwa, ya sungura, manyoya ya kifaranga wa njano. Na katikati yake kulikuwa na msuko, mistari minne ya mkono mzuri, ambao haukunyolewa wala kukatwa. Mizizi yote ilikuwapo. Msusi alitapika humohumo bafuni, na alipoinua kichwa, matapishi yalikuwa yamekwisha kwenda, sakafu imeng'aa.

Alitoka mbio uani. Pale alikaa mpangaji mwenzake, fundi viatu, akishona soli, na mbwa wake miguuni. Msusi alikuwa akimwona mbwa yule kwa mbali tu. Sasa alimtazama kwa karibu. Hakuwa na unywele hata mmoja. Alikuwa kama kuku aliyenyonyolewa, na bado alitikisa mkia kwa furaha. Fundi naye hakuwa na nyusi, wala kope.

"Kaka," msusi alinong'ona, "humu ndani kuna nini?"

Fundi aliutazama mlango wa mwenye nyumba kabla hajajibu. "Umeanza kuzibua tundu? Usizibue. Mwache ale."

"Nani?"

"Mwenyewe. Mama amemkuta, si yeye aliyemleta. Kwanza alikuwa akimlamba mama. Wewe umewahi kumwona bila kilemba? Basi mama akaanza kupokea wapangaji wenye wanyama." Akashusha sauti zaidi. "Dada, nakuomba, usimwondoe paka wako. Mbwa wangu hana kitu tena. Paka akiondoka, atarudi kwangu."

"Sasa kwa nini huhami?"

"Nihamie wapi na mbwa? Wewe si umetafuta? Hata hapa niliingia nikisema si wangu."

Akufukuzaye hakwambii toka, lakini wapo pia wanaokuambia karibu ili usitoke. Msusi aliingia ndani kufunga virago. Kapu alilikuta tupu. Mlango wa bafu ulikuwa wazi nusu, jua la mchana limeingia mpaka ukutani, hakuna giza la kusingizia, na humo alimwona Chongo amekaa wima kando ya tundu, jicho lake limefumba, na kutoka kwenye lile tundu ambalo halikuweza kupitisha hata ngumi ya mtoto kulikuwa kumetoka ulimi, wa kijivu, mpana kama kitambaa cha kujifutia, una vipele vilivyosimama na povu katikati ya vipele, unaopanda mgongoni kwa paka na kushuka, unapanda na kushuka, bila haraka, na kila uliposhuka ulirudi na manyoya machache, ukayakunja kwa ncha yake, ukayapeleka chini, na huko chini kitu kikameza.

Alirudi kinyumenyume mpaka barabarani, miguu mitupu, akaenda hivyohivyo hadi kwa mteja wake wa siku nyingi, mama aliyeuza nguo za mitumba asubuhi na kuagua watu jioni. Mganga alimsikiliza huku akikunja mashati.

"Jini wa mate," alisema. "Mchafu, ila ana sheria zake. Hali kitu chenye mwenyewe. Nani alimwambia paka hana mwenyewe?"

Msusi akaanza kulia, si kwa hofu, kwa aibu. Alimwona mama yake kitandani, akauona kila mlango alipomkana Chongo.

"Lia baadaye," mganga alisema. "Ninakwenda nawe, lakini siingii. Mwenye kudai ni wewe. Shika chumvi hii, mwage tunduni. Ukishamwaga, ataachia. Mpakate paka wako, hakikisha hakuna kinachomgusa ila mikono yako, ndipo useme ni wako, mara tatu. Usiseme kabla. Unanisikia? Ukidai mzigo uliofungwa, umedai na kamba yake."

Walifika jua likiwa bado juu. Mama wa kilemba alikuwa amekaa kizingitini, akatabasamu kwa midomo yake iliyolowa, hakuwazuia. Fundi alimkumbatia mbwa wake akageuka ukutani. Msusi aliingia peke yake na chumvi mkononi, na kila hatua sakafu ilimnata na kumwachia, na ile harufu ya kijiko ikamjaa kinywani mpaka akahisi meno yake si yake.

Chongo alikuwa palepale. Safari hii ulimi ulikuwa umemzunguka, mara mbili, kama shuka linavyomzunguka mtoto, kichwa tu ndicho kilichokuwa nje, na jicho lake moja lilikuwa wazi na lilimtazama. Na kutoka tunduni sauti ikaongea, sauti nyembamba yenye adabu, iliyojaa mate, na msusi aliijua kwa sababu ilikuwa ya kwake.

"Si wangu, mama," ikasema. "Kanifuata tu njiani. Si wangu, baba, sijui katoka wapi. Paka? Mimi sina paka. Wa mtu mwingine huyo, mfukuzeni," na ikaendelea hivyo, mlango kwa mlango, bila kusahau hata mmoja, huku ulimi ukikaza na kichwa cha Chongo kikizama polepole ndani ya ile nyama ya kijivu, na masikio yakapotea, na paji likapotea, na msusi, ambaye chumvi ilikuwa bado ngumini mwake, ambaye maneno ya mganga aliyakumbuka yote neno kwa neno, hakuweza kusikiliza uongo wake mwenyewe hata mara moja zaidi, akajitupa chini kwa magoti, akauzungushia mikono mzigo ule wote, paka na ulimi na povu, akausukumia uso wake humo humo, akalia, "Ni wangu! Ni wangu! Ni wangu!"

Sauti ikakatika. Ulimi ukalegea. Ulipita shavuni kwake mara moja, wa moto na mkwaruzo, ukapita juu ya midomo yake iliyokuwa wazi, ukaacha ladha ambayo hataisahau akiwa hai. Kisha haukuwapo. Bafu lilikuwa bafu, na tundu lilikuwa tundu dogo la maji, kavu, na Chongo, mwenye ngozi tupu, alikuwa akimfokea kama zamani.

Alitoka naye mbio. Mama wa kilemba alisimama, akavuta pumzi ya ndani ya nyumba yake, na uso ukamlegea kama mtu aliyetua gunia la mkaa. "Ahsante, mwanangu," akasema, na akaanza kufungua kilemba.

Mganga alikuwa akisubiri ng'ambo ya barabara. Aliutazama mkono wa msusi, uliokuwa bado umefumbata chumvi.

"Ulisema lini?"

"Alikuwa anazama, mama. Nilishindwa."

Mganga alirudi nyuma kidogo, akajifuta viganja kwenye nguo yake, ingawa hakuwa ameshika kitu, akaondoka bila kuaga.

Mwenye saluni alimruhusu msusi alale humo na paka wake mpaka apate chumba. Yalikuwa makazi mazuri kuliko alivyotarajia. Chongo alipata kiti chake, akawafokea wateja, na manyoya yakaanza kumchipua mgongoni kama ndevu za kijana. Msusi alimlaza ubavuni kila siku, akamwambia mama yake kimoyomoyo kwamba ahadi imetimia. Harufu haikuwapo. Alianza hata kula vizuri.

Asubuhi moja alikuja mteja, mwalimu, kufumuliwa nywele na kuoshwa. Msusi alimlaza kichwa kwenye beseni, akafungulia maji ya vuguvugu, kisha akaona taulo zimekwisha, akaenda kabatini kuchukua nyingine. Alikuwa bado anachagua iliyo kavu aliposikia mteja akishusha pumzi ndefu nyuma yake.

"Dada, leo una mkono wa ajabu," mwalimu alisema, macho yamefumba. "Hapohapo kisogoni. Usiache."

Msusi aligeuka. Maji yalikuwa yameacha kutoka. Tundu la beseni lilikuwa limejaa kitu cha kijivu kilichopanda na kushuka, bila haraka, na nywele za mwalimu, ndefu, nyeusi, zilikuwa zimelazwa zote upande mmoja. Chini ya kiti Chongo alikuwa amekaa mzima, manyoya yake mapya hayajaguswa.

"Nani kakufundisha kuosha hivi?" mwalimu aliuliza kwa usingizi.

Msusi alimtazama paka, akamtazama mteja. Alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka, ya upole kabisa.

"Endelea kufumba macho, dada. Usiyafumbue mpaka nikwambie."

Kisha akaenda mlangoni, akageuza kibao upande unaosema wamefunga, akateremsha pazia.