Bodi ya Tabaka Tatu

Ijumaa, tarehe 14 Machi 1975, saa tatu na robo asubuhi, bodi iliyokuwa juu ya meza ya Alfani ilianza kunukia udi. Haikuwa imeunganishwa na stima.

Alfani, fundi redio wa Msambweni, aliinusa, akasonya. Ilikuwa bodi ya nne. Alikuwa akiuundia msikiti kipaza sauti, na bodi ndiyo moyo wake: vibao vitatu vyembamba vilivyogandishwa pamoja, vimechorwa njia za shaba. Njia nyingine zilibeba stima kali ya ukutani, nyingine sauti, na baina yake aliacha nafasi tupu, upana wa kidole, stima isije ikaruka ikamfikia mshika maikrofoni. Mshika maikrofoni alikuwa Chome, mdogo wake, muadhini.

Kila akipima, nafasi ilikuwa imepungua. Aliikwangua shaba, ikatambaa tena kama mzizi.

"Hicho kitu kina mwenyewe, na si mtu," mkewe Mishi alinong'ona mlangoni.

"Mwenyewe ni mimi. Nishaharibu bodi tatu."

"Kaka, miezi mitatu sasa," Chome alisema akiingia. "Watu waniuliza kama huku twaunda redio au meli."

Akaenda kwa Mwalimu Boga wa madrasa, akarudi na kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani katika sahani, zikaoshwa kwa marashi. Akainyunyizia bodi kabla Alfani hajamzuia.

"Chome, maji hayaingii hapa."

"Hayo ni maneno ya Mungu, kaka. Si maji."

Harufu ikakatika. Alfani akapima nafasi: imerudi kidole kizima.

"Iache ikauke hadi kesho."

"Adhana ya Ijumaa haingoji kesho."

Alfani alikuwa amechoka kubishana. Akanyamaza, akaitia bodi katika kisanduku chake.

Saa sita u nusu Chome aliinua maikrofoni, akatoa takbira, na kabla hajavuta pumzi sauti nyingine, nyembamba, ikamwitikia kutoka ndani ya kisanduku, neno kwa neno, udi ukafuka msikiti mzima, na Alfani akawakanyaga watu akiukimbilia waya, akaung'oa ukutani, na bado mkono wa nduguye haukufunguka, na bado ile sauti ikaendelea mpaka ikaimaliza adhana.

Baada ya maziko alikifungua kisanduku. Katika nafasi ile palikuwa na mstari wa zafarani, umenyooka kutoka shaba hadi shaba. Mwalimu Boga aliuosha mara saba. Haukutoka.

Ewe Mola, mghufirie Chome, ulitie nuru kaburi lake, na utusamehe sisi tulionyamaza. Amina.