Mkono wa Dobi na Maji ya Mzazi

Nyumba ile ilikuwa na vyumba saba, bomba moja na midomo isiyohesabika. Asubuhi, kabla chai haijachemka, habari za chumba cha kwanza zilikuwa zimeshafika chumba cha saba, tena zimetiwa chumvi. Wiki hiyo habari ilikuwa moja tu: mkwe wa Mvuke amejifungua mtoto wa kike, na anaogeshwa maji ya majani.

Mvuke alikuwa dobi. Jina hilo alilipata kwa sababu ya mapipa yake ya maji ya moto, yaliyofuka uani kutwa nzima. Kwa miaka thelathini alikuwa akigeuza mashuka ndani ya mapipa hayo kwa mikono mitupu. Watu walimtania, "Mvuke, wewe hata kaa la moto unaweza kulishika kama embe." Naye alicheka, akajivuna.

Siku hizo hakucheka. Mkwewe, waliyemwita Kidoti kwa alama iliyokuwa shavuni, alikuwa mzazi wa siku sita, na Mvuke alikuwa na hofu. Zamani dada yake mkubwa alijifungua salama, kisha akafa siku ya tisa. Wazee walisema damu chafu ilibaki tumboni kwa sababu hakuogeshwa maji ya moto. Maneno hayo hayakumtoka Mvuke. Sasa alikuwa akihesabu siku.

"Kidoti mwanangu, njoo. Maji tayari."

Bafuni, beseni la kulowekea mashuka lilikuwa limejaa maji ya kijani. Mchaichai, mkaratusi na mwarobaini vilielea juu. Mvuke alizamisha mkono, akautuliza humo.

"Vuguvugu. Kaa."

Kidoti alikaa, akaruka. "Mama, yanaunguza! Na nyuzi zinaniuma. Kliniki walisema nisikalie maji mpaka kidonda kipone."

"Wa kliniki wakimaliza zamu wanarudi kwao. Ninayebaki na wewe ni mimi. Mkono wangu si huu, umo majini? Mbona siungui? Vumilia, mwanangu, uchafu utoke."

Kidoti alitazama. Kweli, mkono wa mama mkwe ulitulia majini. Akajiona yeye ndiye anayedeka. Akauma taulo, akakaa. Mvuke akamkandamiza tumbo kwa nguvu, huku akimwambia pole.

Siku ya saba Kidoti alianza kutetemeka. Meno yaligongana. Mvuke alimfunika blanketi mbili.

"Ndiyo damu chafu inatoka hiyo!" alisema mshona nguo wa chumba cha tatu, waliyemwita Redio. "Mimi nilitetemeka mpaka kitanda kikahama. Mwongezee moto!"

Mvuke aliongeza moto. Lakini alipobadilisha vitambaa vya mzazi, alisikia harufu mbaya. Alivifua haraka, mwenyewe, nyuma ya nyumba, mtu asije akanusa. Hakumwambia yeyote. Kusema kungekuwa kukubali kwamba siku ya tisa inakuja.

Siku ya nane, saa sita mchana, Kidoti alisimama kutoka kwenye beseni, akashika ukuta.

"Mama, mbona giza?"

Jua lilikuwa linawaka dirishani. Kabla Mvuke hajajibu, macho ya Kidoti yaligeuka. Akamwangukia kifuani, mzito, moto kama pasi.

"Jamani! Nisaidieni! Mwanangu anakufa!"

Aliyefika wa kwanza alikuwa mkunga wa zahanati, mpangaji wa chumba cha mwisho. Siku hiyo alikuwa mapumzikoni. Walimlaza Kidoti chini, wakamwinua miguu. Mkunga alimgusa paji la uso.

"Homa hii tangu lini?"

"Leo," Mvuke alisema.

"Mama. Tangu lini?"

"Jana."

"Amekalia maji gani?"

"Vuguvugu tu, na vijani kidogo. Pima mwenyewe!" Mvuke alitumbukiza mkono kwenye beseni kumwonyesha.

Mkunga aligusisha kiwiko. Akakichomoa kama aliyeng'atwa.

"Toa mkono, mama!"

"Kwa nini?"

"Nakwambia utoe!"

Mkono ulitoka mwekundu mpaka kifundoni. Mvuke aliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Haukuuma hata kidogo.

"Ngozi yako imekuwa sugu," mkunga alisema taratibu. "Haisikii moto tena. Mama, na mtoto anaogeshwa na nani?"

Mvuke aligeuza macho mlangoni. Mkunga alikimbilia chumbani, akamfunua mtoto. Alikuwa mzima, ngozi laini. Kidoti ndiye aliyekuwa akimchanganyia maji.

"Leo nilitaka nimwogeshe mimi," Mvuke alinong'ona. Akakaa sakafuni kando ya Kidoti. Redio alikuwa ameshatoka mbio kutafuta gari.

Hospitalini, mume wa Kidoti alifika kutoka kiwanda cha mikate, unga ukiwa bado kwenye nyusi.

"Mama, mke wangu amepatwa na nini?"

Daktari naye alikuwa amesimama pale. "Tunahitaji kujua kila kitu. Alichokunywa, alichopaka, alichokalia. Tukibahatisha, tutachelewa."

Mkunga alijua habari za maji. Mengine hakuyajua. Mvuke angeweza kunyamaza. Alimtazama mwanawe, akaona atakavyomchukia. Kisha akasikia Kidoti akiguna nyuma ya pazia.

"Ni mimi," alisema. "Nilimkalisha kwenye maji ya moto, siku tatu. Beseni ni lile la nguo za watu. Majani sikuyaosha. Nilimkandamiza tumbo. Na tangu jana ana harufu mbaya, nikaificha. Hakunywa kitu."

Mwanawe aligeukia ukutani. Daktari aliandika, akaingia haraka. Kidoti aliwekewa dripu na dawa za kuua vijidudu.

Kwenye benchi, mkunga alikaa karibu na Mvuke.

"Damu ya uzazi hutoka yenyewe, mama. Kizazi chenyewe hujikaza na kuisukuma. Maji ya moto hayaiharakishi. Yanaunguza kidonda, yanamlegeza mzazi hata azimie. Na kidonda kikilowekwa kwenye maji machafu, vijidudu huingia."

"Dada yangu hakuogeshwa. Akafa."

"Alikuwa na homa?"

"Alitetemeka siku mbili."

"Na harufu?"

Mvuke aliinamisha kichwa. "Ilikuwepo."

"Basi huenda alikuwa na ugonjwa kama huu wa Kidoti. Alihitaji hospitali. Mzazi akipata homa, au baridi ya kutetemeka, au harufu mbaya, mlete siku hiyo hiyo. Pedi ikilowa chapachapa ndani ya saa moja, mlete. Tumbo likiuma sana, kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, usisubiri kesho."

Siku ya tisa Mvuke hakuondoka kwenye benchi lile. Kila mlango ulipofunguka, alisimama. Jioni nesi alitoka.

"Homa inashuka. Anauliza mtoto amenyonya nini."

Mvuke alilia mbele ya watu, bila kujificha.

Kidoti alirudi nyumbani baada ya wiki moja. Alijisafisha kwa kujimiminia maji safi ya uvuguvugu, akajikausha kwa kitambaa safi. Hakukalia beseni. Mume wake alichukua muda kabla ya kuongea na mama yake vizuri. Siku moja alimletea mkate wa moto, akakaa, wakala.

Redio alipokuja kuomba majani kwa ajili ya binti yake aliyejifungua juzi, Mvuke alizungumza uani, wote wakisikia.

"Majani sikupi. Nilikaribia kumuua mkwe wangu. Mpeleke kliniki kwanza."

Baada ya wiki sita, kliniki walimpima Kidoti. Kidonda kilikuwa kimefunga, damu imekoma.

"Mkitaka kuoga maji ya majani kwa kujistarehesha, sawa," mkunga alisema. "Majani mnayoyajua, yaoshwe, yachemshwe, yachujwe. Jaribu kidogo mkononi kwanza, uone kama unawashwa. Usiyanywe, usiyaingize ndani ya mwili. Dakika kumi zinatosha, na mtu awe karibu. Mtoto, yeye maji matupu tu."

Mvuke alinunua beseni jipya. Alichemsha mchaichai peke yake, akauchuja. Kidoti ndiye aliyechanganya maji baridi, akapima kwa kiwiko mara mbili. Mvuke alikaa kwenye kigoda nje ya mlango, mjukuu mapajani.

Alisikia maji yakimwagika polepole. Akamsikia Kidoti akiimba kwa sauti ya chini. Kisha kimya.

Mvuke aliinuka, mjukuu kifuani.

"Kidoti! Kidoti mwanangu!"

"Abee, mama. Nipo." Sauti ilikuwa nzito ya usingizi. "Nilisinzia tu kidogo. Raha iliyoje."