Droo Iliyoacha Kukwama

Droo ilikuwa wazi, na ndani yake hamkuwa na kitu.

Inspekta alisimama mlangoni mwa chumba namba tisa, mikono nyuma, bila kuingia. Ndivyo alivyozoea. Wenzake kituoni walimwita Taratibu, wengine kwa upendo, wengine kwa kuchoka naye. Alitazama kitanda kilichotandikwa, kishikio cha mbao kilichofungwa ukutani kando yake, kulabu za nguo zilizowekwa chini kuliko kawaida, na ile meza ya kuandikia yenye droo moja.

"Kimeibwa nini?"

"Daftari," meneja wa hoteli alisema.

Sajini, mwanamke kijana aliyekuwa nyuma ya Inspekta, akaguna. "Tumeitwa kwa ajili ya daftari, afande?"

Meneja akamgeukia, macho yamemtoka. "Dada yangu, viwanda vina maabara. Sisi tuna chumba hiki. Mgeni anayelala humu anaandika ukurasa wa kulia kilichomsumbua. Mhudumu anamjibu ukurasa wa kushoto: tutajaribu hivi. Mgeni anayefuata analala na jaribio lile, naye anaandika alivyoliona. Likifaa, tunalipeleka vyumba vyote. Miaka mitatu! Huduma zetu hatukuzibuni ofisini, tumezitengeneza pamoja na wageni wenyewe. Utafiti wetu wote umo katika daftari lile."

"Nakala iko wapi?" Inspekta aliuliza.

Meneja alitazama viatu vyake. "Nilikuwa nimepanga kutoa nakala mwezi huu."

"Nani anafaidika likipotea?"

"Sijui. Najua anayeumia. Leo saa nane wakurugenzi wanakutana. Mhudumu wa chumba hiki anapewa idara mpya ya kubuni huduma. Walitaka kulisoma daftari kabla ya kutia saini. Bila daftari, hakuna idara." Akashusha sauti. "Na ufunguo wa droo anao yeye peke yake, Inspekta. Hilo ndilo linaloninyima raha."

Ilikuwa saa nne na dakika kumi.

Mhudumu alikuwa ameketi kwenye korido kando ya kigari cha mashuka. Mama wa miaka arobaini na kitu, mikono mipana, sare imepigwa pasi mpaka kwenye mshono. Hoteli nzima ilimwita Mama Pacha.

"Mara ya mwisho uliliona lini?" Inspekta alimuuliza.

"Jana jioni, saa kumi na moja. Mgeni aliandika, nikamjibu, nikafunga droo, nikaenda nyumbani. Leo saa tatu nimekuja na meneja kulichukua, nikafungua, halipo."

"Mgeni gani?"

"Wakala wa mbegu. Huja kila Alhamisi. Ana mguu usiokunja goti."

"Ufunguo?"

Akauvuta kutoka ndani ya kola, umening'inia kwenye kamba. "Tangu jana haujatoka shingoni mwangu. Hata nilipooga."

"Basi umejifunga mwenyewe, mama," Sajini akadakia. "Kufuli halina mkwaruzo. Na nimeambiwa hoteli ya ng'ambo ya barabara ilikuita kazini mwezi uliopita. Kweli si kweli?"

"Kweli. Nikakataa."

"Ulikataa, au uliambiwa uje na zawadi?"

Mama Pacha akainuka polepole. "Binti, daftari lile nimelizaa mimi. Nani anamuuza mtoto wake siku ya harusi yake?"

Inspekta aliinua kiganja kidogo, na wote wawili wakanyamaza. "Mama, ulipofungua droo, mkono wako ulihisi nini?"

"Mkono?"

"Ilifunguka vipi?"

Akakunja uso akikumbuka. "Ajabu. Droo ile hukwama. Lazima uinyanyue kidogo ndipo ije. Leo ilikuja yenyewe, nusura iniangukie miguuni."

"Uliwahi kumwambia fundi aitengeneze?"

"Mara ngapi!" alisema, kisha akatazama mashuka yake.

Mpokezi wa wageni hakuhitaji kuulizwa mara mbili. Alikuwa na maneno tayari mdomoni tangu asubuhi.

"Afande, mimi sisemi kitu. Ila Alhamisi Mama Pacha hupaka wanja. Siku nyingine hapaki. Na humo daftarini, wee! Kurasa na kurasa. 'Nimelala vizuri, nakushukuru kwa mto.' Mto tu?"

"Wewe umelisoma?"

"Nani hajalisoma? Kila mtu anasema, wale wawili ndio waliokibuni chumba kile."

"Mumewe anajua?"

Mpokezi akacheka kwa pua. "Mumewe si ndiye fundi wetu! Baba Pacha. Yuko karakana huko nyuma, anaranda mbao. Hasemi, anaranda tu."

"Mlango wa namba tisa nani anaweza kuufungua?"

"Mimi, meneja, Mama Pacha na fundi."

Wakala wa mbegu walimkuta kwenye ukumbi wa chakula, mguu ameunyoosha kwenye kiti cha pili. Alikuwa amealikwa kuzungumza na wakurugenzi kama mmoja wa wageni walioandika daftarini. Alisema alitoka chumbani saa moja asubuhi, na hakurudi. Wahudumu wa ukumbi walithibitisha.

"Watu wanasema kuna mapenzi humo daftarini," Sajini alimrushia.

"Nilimwandikia habari za goti langu, miezi kumi na minne. Kama hayo ni mapenzi, basi mapenzi yangu yana maumivu ya viungo." Kisha akaacha kutabasamu. "Mama yule ni mtu wa kwanza aliyeniuliza naamkaje asubuhi na akasubiri jibu. Mkimfunga, mtakuwa mmekosea."

Saa sita walirudi chumbani. Mtaalamu wa alama za vidole alikuwa akikusanya brashi zake.

"Mbele ya droo kuna alama za mhudumu peke yake," alisema. "Nyuma ya meza hakuna hata moja. Pamefutwa."

"Nani anafuta nyuma ya meza?" Inspekta alisema, akapiga magoti.

Ubao wa nyuma ulishikwa na skrubu nne, vichwa vyake viking'aa mikwaruzo mipya. Mifereji ya skrubu zote ilitazama upande mmoja, wima, kama askari kwenye gwaride. Inspekta akazifungua. Ubao ukatoka. Mtu angeweza kupitisha mkono pale na kuchukua chochote kilichokuwa ndani ya droo bila kuligusa kufuli.

Akaitoa droo, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye reli yake. Mbao ilikuwa imerandwa upya, wembamba wa karatasi, kisha ikapakwa nta.

"Mwizi aliivuta droo kwa nyuma, ikakwama," Inspekta alisema. "Akachukua daftari. Mpaka hapo ni wizi. Kisha akakaa hapa chini, na hofu yake yote, akaitengeneza."

"Mwizi gani anatengeneza alichokiibia, afande?"

"Anayeona aibu kukiacha kibovu."

Sajini akapiga hatua kuelekea mlangoni. "Basi ni yule mumewe! Twende tukamkamate."

"Twende tukamuulize," Inspekta alisema, akaibeba droo kwapani.

Karakana ilinuka mbao mbichi na gundi. Fundi alikuwa mwembamba, mabega yameinama mbele, penseli sikioni. Hakuacha kuranda walipoingia.

"Asubuhi ulikuwa wapi, fundi?"

"Chumba kumi na moja. Bomba la bafu."

"Na namba tisa?"

"Nikatafute nini namba tisa? Chumba chao."

"Chao, akina nani?"

"Wao. Yeye na mgeni wake."

Inspekta alilisikia neno lile likipita, akalitambua kama mtu anavyotambua kikohozi chake mwenyewe. Miaka miwili iliyopita kijana ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kazi alipandishwa cheo akawa mkubwa wake, kwa kesi ambayo nusu ya ushahidi aliutafuta yeye, Taratibu. Kwa miezi mingi hakuweza kuwataja watu wa makao makuu kwa majina. Walikuwa *wao*, hata mezani kwake, mbele ya mkewe na watoto.

Akaiweka droo kwenye meza ya kazi.

"Tumeikuta hivi. Inateleza. Sajini wangu anasema mkeo aliipaka sabuni, basi."

"Sabuni!" Randa ilisimama. "Sabuni inavuta vumbi, wiki mbili imekwama tena. Hiyo ni nta. Na kabla ya nta lazima..."

Alitazama droo, kisha mikono yake, kana kwamba ilikuwa imemsaliti ikiwa mbele ya macho yake.

Inspekta alivuta kigoda, akaketi.

"Malizia, ndugu yangu," Inspekta alisema. "Kabla ya nta lazima nini?"

"Lazima urande kidogo," fundi alisema kwa sauti ndogo. "Kufuata nyuzi za mbao."

"Daftari liko wapi?"

Fundi aliinama, akaondoa mbao tatu zilizoegemezwa ukutani, akatoa daftari nene lenye jalada la kitambaa. Alikuwa amelifunga kwa gunia safi lisiingie vumbi.

"Kwa nini?"

"Ulishawahi kulisoma?"

"Bado."

"Mimi nililisoma kabla hata ya leo. Siku mke wangu akiwa likizo, mhudumu aliyemwachia zamu na ufunguo aliliacha wazi. Kurasa mia tatu na kumi. Nikakaa nikajitafuta." Akainua kidole kimoja. "Nimo mara nne. 'Mwambie fundi.' 'Fundi amekuja?' 'Fundi amechelewa.' Ya nne: 'Fundi ameacha vumbi la mbao.'"

Sajini alitazama pembeni.

"Kile kishikio cha kando ya kitanda, afande. Daftarini imeandikwa: mgeni alisema kuamka ni shida, mhudumu akajibu tutaweka kishikio. Basi, kikaota ukutani kama uyoga! Mimi nilijifunga ubao mguuni kutwa nzima, hapa hapa, nikalala chini na kuinuka, nikalala na kuinuka, nione mtu asiyekunja goti anaanzia wapi kushika. Nilitengeneza vitatu nikavitupa. Cha nne ndicho hicho wanachokipeleka vyumba vyote. Na watu wananiambia, hongera Baba Pacha, mkeo na yule mgeni wana akili."

"Ulimwonea wivu mgeni?"

"Nyumbani ni mgeni kasema, mgeni kaona, mgeni kapenda. Nilipojikata kidole hiki," akakionyesha, kimepinda, "aliniuliza kama kazi imekwisha." Akavuta pumzi. "Nilikuwa namwonea wivu mgeni. Lakini kama ningejua ni mapenzi ingekuwa afadhali, ningepigana. Yule anaulizwa *unaonaje*. Mimi naambiwa *lini itakuwa tayari*. Na leo anakuwa mkubwa wa idara, atakuwa ananituma kwa karatasi. Nikasema, lisiwepo. Tukae kama zamani."

"Ulijua ufunguo anao yeye peke yake."

"Sikuliwaza hilo."

"Tangu saa tatu mpaka sasa, umeliwaza?"

Mlangoni palikuwa na mtu. Mama Pacha alikuwa amewafuata kutoka koridoni, na hakuna aliyejua amesimama pale tangu neno gani.

"Umeranda," alisema. "Nimeulizwa maswali kama mwizi mbele ya watu ninaofanya nao kazi, nikaambiwa nimeuza, na wewe umesimama hapa unaranda."

"Nilitaka kuja kusema."

"Ulitaka!"

"Mama Pacha..."

"Hukuniambia hata siku moja, kwamba daftarini wewe humo. Ungesema nyumbani, mezani, tukila. 'Mke wangu, nami uniandike.' Maneno manne, Baba Pacha. Ukaona bora nifungwe."

Fundi alifuta vumbi kwenye jalada la daftari kwa kiganja, upande huu, upande ule, kisha akamkabidhi Inspekta.

Ilikuwa saa nane kasoro robo.

"Sajini," Inspekta alisema, "hiki ni kidhibiti cha kesi, hakiondoki mikononi mwa polisi. Nenda nacho kwa wakurugenzi. Utawafungulia kurasa wewe. Akiomba mtu kukishika, kataa."

"Niwafungulie kurasa, afande? Kama karani?"

"Kwa glavu."

Mama Pacha aliondoka mbele, mgongo umenyooka. Sajini akamfuata na daftari kifuani.

Inspekta alitoa karatasi za maelezo na kalamu. Alimweleza fundi haki zake, kwamba halazimiki kusema. Fundi akasema atasema. Akaanza na asubuhi ya leo, skrubu nne, ubao wa nyuma. Kisha, bila kuulizwa, akaingia kwenye kishikio, kulabu na urefu wa bega la mgeni alilopima kwa kamba, rafu ya bafuni iliyoinamishwa maji yasituame. Si yote yalihusu wizi. Inspekta aliyaandika yote, kwa mwandiko wake wa polepole, na mara mbili alimwomba arudie kipimo. Zikawa kurasa nane. Fundi alizisoma moja moja, akasahihisha mahali palipoandikwa msumari badala ya skrubu, akatia saini.

"Utakwenda nami kituoni," Inspekta alimwambia. "Kuiba ni kosa moja. Kunyamaza mwingine akituhumiwa, hilo hakimu atakuuliza pia."

"Najua."

Walipotoka nje, Mama Pacha alikuwa akiivuka yadi, peke yake. Macho yalikuwa mekundu, wanja alioupaka kwa ajili ya siku hii umemtiririka kidogo. Alisimama hatua tano kutoka kwa mumewe, hakusogea zaidi.

"Wamekupa?" fundi aliuliza.

"Wamenipa."

Inspekta alingoja, mkono wake ukiwa umeshika kiwiko cha mtuhumiwa kwa wepesi. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amesikia watu wakikiri kuua, kuchoma, kuiba. Maneno hayo, yakishaanza, hutoka.

Mdomo wa fundi ulifunguka, ukajifunga, ukafunguka tena.

"Hongera," alisema hatimaye, neno moja lililomgharimu kuliko kurasa zote nane za ungamo lake.