Kiti Kisichopulizwa

Jioni ya mkesha wa Krismasi, Bronia Wojtasik aliingia bandani kulitoa gari la marehemu baba yake. Mama yake, Stefania, miaka tisini kasoro mmoja, alikuwa amewaambia masista wa nyumba ya wazee kwamba mwaka huu hapandi gari jingine lolote. Ni Studebaker ya marehemu mumewe, au abaki kitandani. Na Mama akisema, amesema.

Bronia hakuona tabu. Gari lile alilipenda tangu utotoni kuliko mwanasesere yeyote. La kijani, pua imechongoka kama ya ndege. Alipokuwa na miaka mitano alikuwa akizibusu taa zake kila usiku kabla ya kulala, kaka zake wakimcheka hadi analia. Baba alikuwa fundi rangi katika kiwanda kilichoyatengeneza magari hayo, hapo hapo mjini South Bend, Marekani. Kiwanda kilipofungwa watu wakahamia magari mengine. Yeye hakuhama.

Alikuwa amechelewa. Nyota ya kwanza ikitoka, familia inatakiwa iwe mezani. Akafungua mlango, akaketi, akawasha.

Hakupuliza kiti.

Kwao Wapolandi, jioni hiyo moja tu ya mwaka, hukai popote kabla ya kupuliza kiti na kuomba radhi, maana marehemu huja kupumzika, usije ukamkalia mtu. Baba alipuliza hata viti vya gari. Bronia alikumbuka akiwa ameshafika barabarani. Akacheka peke yake. Mambo ya wazee hayo.

Halafu akasikia harufu.

Rangi mbichi... na tumbaku ya kiko.

Akateremsha kioo. Theluji ikaingia, harufu isitoke. Usukani ukawa mzito, kana kwamba kuna mikono mingine juu yake. Alipokanyaga mafuta, gari likapunguza mwendo. Alipotaka kukata kona ya kulia, likanyoosha moja kwa moja, taratibu, kwa adabu, likashika njia ndefu ya mtoni aliyoipenda Baba. Na mgongoni, kati yake na kiti, kulikuwa na baridi.

Ilikuwa inapumua.

Bronia akajivuta mbele, mgongo usiguse kiti. "Samahani, Baba," akanong'ona. Gari alilolibusu utotoni lilimpeleka lilivyotaka, naye kwa mara ya kwanza maishani akalichukia.

Mama alikuwa akingoja kwenye geti la nyumba ya wazee, koti limefungwa vifungo vyote, sista kamshika mkono. Mama akafungua mlango wa mbele, akainama, akapuliza kiti chake, akaketi. Kisha akageuka. Hakumtazama Bronia usoni. Alitazama nyuma kidogo ya bega lake, akatabasamu kama msichana.

"Umemkalia baba yako," akasema kwa sauti ya chini.

"Mama, tushuke. Tuite teksi."

"Shuka wewe. Mimi nimesubiri miaka kumi na minane."

Bronia hakushuka. Angemwachaje mama yake humo peke yake? Njia nzima Mama alinong'ona Kipolandi, akinyamaza kila mara ili asikilize. Bronia alisikia jina lake likitajwa mara moja, kisha Mama akacheka.

Walipofika nyumbani, Bronia alizima gari, akatia ufunguo mfukoni, akamkokota Mama ndani karibu kwa kukimbia. Watoto na wajukuu walikuwa wameshasimama mezani. Wakasali, wakaanza supu ya bitiruti. Mama, ambaye kwa miezi alikuwa akidonoa tu, alikula kwa hamu. Bronia akamwinamia.

"Alikuwa anasema nini?"

Mama akafuta mdomo. "Ameniuliza kama niko tayari."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia angoje nimalize supu. Siwezi kusafiri na njaa."

Nje, gari likawaka.

Mjukuu mmoja akauliza nani ameliacha likinguruma. Bronia akagusa mfuko wake. Ufunguo ulikuwemo.

Katika bakuli la Mama kulibaki vijiko viwili, labda vitatu. Bronia akashika upawa, akalijaza tena hadi pomoni. Supu nyingine ikamwagikia kitambaa cheupe cha meza. Mama akamtazama kwa huruma nyingi.

"Haya, mwanangu," akasema. "Ila hili ndilo la mwisho."

Akachukua kijiko, na kwa ajili ya binti yake akaanza kula polepole sana.