Msaragambo Usiofungwa

Kodiani ya Mzee Sifael iliishiwa sauti Jumapili, kanisani, katikati ya ubeti wa pili. Mikono ilivuta na kusukuma kama kawaida, vidole vikatembea mahali pake, lakini kilichotoka kilikuwa upepo mtupu wenye harufu ya tope bichi. Kwaya ikaendelea peke yake kwa ujasiri, kila mmoja na njia yake. Baada ya ibada mzee wa kanisa akatoa hukumu kwamba ni panya.

"Panya gani anakula sauti anaacha ngozi?" aliuliza Yudith, mkewe, walipokuwa wakipanda kurudi nyumbani.

"Panya wa enzi za ruksa, Mama Esta. Siku hizi kila mmoja anafanya biashara anayoitaka."

Walicheka. Kilikuwa kiangazi, milima ya juu ya Gonja imekauka mpaka migomba imekunja majani. Walipofika waliukuta ua wao umelowa, na juu yake nyayo nyingi za watu peku, zote zimeelekea mlangoni. Za kuondoka hazikuwepo.

Sifael alikuwa ameimba tangu enzi za mkoloni. Zeze alirithi kwa mjomba. Kodiani alifundishwa na wamisheni, waliodhani angeishia kwenye nyimbo za dini. Gitaa alilipata kwenye mashamba ya mkonge kule bondeni, alikokata mkonge na watu wa kila kabila, akaondoka na nyimbo zao na malaria yao. Uhuru ulipokuja, serikali ikamgundua. Akasifu kilimo cha kufa na kupona. Akasifu duka la ushirika lililojaa rafu. Akatunga wimbo wa kumkaribisha mkuu wa wilaya ambaye hakuja, na wimbo ukahifadhiwa ukamkaribisha aliyefuata kwa kubadilishwa jina tu. Miaka ya foleni alilipwa sabuni, na alishukuru.

Nyimbo zote hizo Yudith ndiye aliyeziitikia. Alikuwa na sauti nyembamba, kavu kidogo, iliyoingia nyuma ya sauti ya mumewe kama mtu anayerudisha mlango taratibu. Watu walisema Sifael bila Yudith ni swali bila jibu, na Sifael mwenyewe, ambaye hakukubaliana na watu katika mengi, hilo alilikubali.

Biashara ilipofunguliwa, tajiri mmoja wa Same akajitolea kumpeleka Dar es Salaam kurekodi kanda. Kwanza wimbo, ule ambao yeye huuliza "Maji yamefika wapi?" na Yudith huitikia "Yamefika kwetu", ulipaswa kusikilizwa na Afisa Utamaduni, Bwana Majaliwa. Aliusikiliza amefumba macho, akasema hauna utambulisho.

"Weka kitu cha asili, Mzee. Kitu kinachopuliza."

Ndivyo pembe ya msaragambo ilivyoingia kwenye kanda. Upareni msaragambo ni kazi ya wote, na kazi kubwa kuliko zote ni kuzibua ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba. Pembe hulia mara mbili. Alfajiri inawaita watu. Kazi ikiisha inawaachia. Kati ya mlio na mlio, aliyeitwa haendi kwake. Sifael alipuliza yote miwili, mwanzo na mwisho wa wimbo, lakini upande wa kanda ulikuwa umejaa. Fundi mitambo, kijana wa mjini aliyekuwa na njaa, akaupunguza mwisho polepole mpaka ukazimika. Mlio wa kuachia ukabaki Dar. Pembe yenyewe Bwana Majaliwa aliichukua akaifungia ofisini kwake Same, kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Kanda ilipendwa. Basi la Same liliipiga kila alfajiri likipita chini ya mlima, na pembe ikapanda na ukungu hadi kwenye ndiva.

Baada ya kodiani lilikufa gitaa. Baada ya gitaa, zeze. Nyuzi zilitikisika, mtu akaziona zikitikisika, na hakuna kilichosikika. Kila alfajiri, basi likishapita, uani palisikika miguu inayonyonya tope na majembe yanayowekwa chini, moja baada ya jingine, kwa adabu, kama wanavyofanya watu waliowahi kazini wakamkosa msimamizi.

Siku moja Sifael alisogeza pazia. Walikuwa wamesimama ndani ya ukungu kwa safu, wake kwa waume, miili yao inachuruzika maji wakati hata kisima kilikuwa kimekauka, na alipotafuta sura anayoifahamu, jirani, au hata marehemu wa ukoo ambaye angeweza kumsihi kwa jina, aliona kwamba kila uso ulikuwa laini kama ukuta uliopigwa udongo jana, una macho, una pua, na pale mdomo ulipotakiwa kuwa pamesawazishwa kwa kiganja.

Aligeuka amwambie mkewe asitazame. Yudith alikuwa amesimama nyuma yake, anamwambia neno. Midomo ilikuwa inasema. Neno halikuwepo.

Siku hiyohiyo alishuka naye Kisiwani kwa Mwanaasha, mganga aliyesifika toka Same mpaka mpakani. Mwanaasha alimtazama Yudith kooni, akanusa kanga yake, akazima chetezo.

"Mzee wangu, majini ya kwangu ni watu wa pwani. Wanapenda marashi na halua. Hawa wako ni vibarua." Akashusha sauti. "Umewaita. Hukuwapa kazi, hukuwaachia. Kwenu anayeuvunja msaragambo hufanywa nini?"

"Wanaenda kwake wanachukua kitu. Sufuria. Mbuzi."

"Basi unatozwa faini. Wamechukua vyombo vya kazi yako, sasa wameingia kwa watu."

"Nikipuliza pembe ya kuwaachia?"

"Wataondoka. Ila walichobeba hawakirudishi bure. Watakibadilisha na kingine, na watakaochagua ni wao."

Yudith alimshika mumewe mkono, akatikisa kichwa. Sifael alijifanya hakuona.

Kesho yake, Same, alimkuta Bwana Majaliwa ameweka meza yake barazani.

"Shikamoo, Mzee. Ofisi inapakwa rangi."

Hakukuwa na rangi. Kulikuwa na harufu ya tope, na chini ya mlango ulivuja mchirizi mwembamba wa maji.

"Marahaba. Nimefuata pembe."

Kwa kawaida pembe ya serikali ingehitaji barua ya kijiji, mhuri wa kata na mtu wa kulaumiwa. Siku hiyo kibali kilitoka kabla ya chai. "Saini hapa kwamba imeondoka nzima," alinong'ona Majaliwa, "na hapa kwamba hairudi."

Dereva wa basi naye aliombwa asiipige tena kanda ile upande wa Gonja. Aliwahi kuona kitu kwenye kioo cha nyuma, hakuuliza sababu.

Alfajiri Sifael alisimama mlangoni akapuliza mlio wa kuachia. Waliinua majembe. Wakageuka, safu kwa safu, wakaanza kupanda kuelekea kwenye ndiva, na ukungu ulipowafunika ndipo muziki ulipoanza huko juu: zeze la mjomba, kodiani, gitaa la mkonge, kila chombo kinalia kama alivyokipiga ujana wake, na nyuma yao sauti nyembamba, kavu kidogo, inaitikia, "Yamefika kwetu." Ulikuwa wimbo wake wa ndiva. Ulifika mahali pa kiongozi, ukanyamaza. Walikuwa wanamngoja.

Yudith aliliona hilo usoni pa mumewe. Alimrukia, akamziba mdomo kwa mikono yote miwili, na alikuwa mwanamke aliyelima maisha yake yote, lakini Sifael aliitoa mikono ile kidole kwa kidole, kwa upole, akavuta pumzi, akaimba:

"Maji yamefika wapi?"

Alisikia neno la kwanza tu. Mengine yalisikika kutoka mlimani.

"Baba Esta, usiimbe," alisema Yudith nyuma yake, kwa sauti yake mwenyewe, akaketi kizingitini akalia kwa sauti hiyohiyo.

Muda mrefu hawakurudi uani, walikuwa wamepata kiongozi. Ila kila alfajiri wimbo ulishuka kutoka kwenye ndiva, na sauti ya Sifael iliuliza, "Maji yamefika wapi?", kisha pakawa na kimya cha mtu anayengoja jibu lake. Miaka yote Yudith alikuwa amejibu kabla hajafikiri, na akijibu wangeifuata sauti yake tena. Kwa hiyo Sifael akawa anaamka mapema na kuweka kiganja mdomoni pa mkewe, na hivyo ndivyo walivyosalimiana siku zile.

Masika yaliyofuata Yudith alishikwa na homa. Sifael alimkesha, na kulipokucha usingizi ukamchukua ameketi. Alizinduliwa na sauti iliyo karibu sana.

"Yamefika..."

Akamziba. Jibu lilikuwa limetoka nusu. Nje majembe yalikuwa yanawekwa chini, moja baada ya jingine, kwa adabu, na chini ya kiganja chake midomo ya Yudith, macho yamefumbwa, ilikuwa bado inaendelea na maneno yaliyobaki.