Wimbo wa Mama Ulikuwa Haramu, wa Mke Mwenzangu Halali

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, mama wa watoto watatu, mkaazi wa Muscat. Wazee wangu walitokea Unguja. Naandika mkasa huu na kinyaa bado kimenikaa kooni... Kinyaa, wasomaji wenzangu! Nimetafuta neno jengine la staha zaidi, sikulipata.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtunzi wa nyimbo za harusi. Hakuwa na bendi wala jina kubwa. Tulikaa Hamriya, fleti ya juu ya duka la mshona kanzu, lakini hapakuwa na harusi ya watu wetu isiyomwita. Bibi harusi akitolewa nje mbele ya wanawake wenzake, mama hupiga rika, kile kidufu chenye vibati pembeni, na kumwimbia wimbo aliomtungia yeye peke yake, wenye jina lake na la wazee wake. Mwiko wake ni mmoja tu: bibi harusi mwenyewe hausikii kabla ya siku hiyo.

Wangu aliutunga tangu nasoma. Nikimkuta jikoni anachagua mchele huku akivumisha sauti, hunyamaza ghafla na kucheka. "Toka huku, weye! Siku yako itafika."

Siku ikafika. Akaja Nassor, mtu wa kazi nzuri, nyumba Madinat Sultan Qaboos, msikitini haondoki, macho chini akizungumza na wanawake. Nani angemkataa? Kadi zimeshagawiwa, chakula kimeshaagizwa, ndipo alipomtuma dada yake na sharti. Harusi iwe kimya! Hapana rika, hapana kuimba, hata wanawake wakiwa peke yao ukumbini. Nyimbo ni za shetani, ati, na yeye hataki ndoa ianze na shetani.

Baba alikasirika mno. Baba yangu huyo hakuwahi kukosa alfajiri msikitini, na harusi za ndugu zake alipiga rika kwa mikono yake. Alitaka kurudisha mahari siku ile ile. Mama ndiye aliyemzuia.

"Wacha, baba watoto. Bora nnyamaze mie kuliko mwanangu avunjikiwe na harusi."

Basi nikatolewa nje kimya... Nilisikia viatu vyangu na mngurumo wa viyoyozi. Wageni walinitazama kama watu waliokuja kutoa pole. Mama alikaa mbele, mikono imelala mapajani, midomo inamchezacheza bila sauti. Alikuwa akiniimbia! Nani atanieleza kosa la mwanamke yule lilikuwa lipi?

Baada ya fungate aliniletea kaseti, ameifunga ndani ya kanga. Amejirekodi mwenyewe, wimbo mzima. Akanambia niusikilize nikiwa na nafasi. Nassor akaiona kabla sijaipata hiyo nafasi. Aliichukua mkononi mwangu, taratibu, kwa upole wake ule ule, akasema malaika hawaingii nyumba yenye kitu kama kile. Nililia. Kisha nikajipa moyo kwamba mama bado yupo, atanirekodia tena.

Hakunirekodia. Maradhi ya koo yalimchukua sauti kwanza, halafu yakamchukua mwenyewe.

Na nyumbani mambo yakazidi. Vitabu vyangu vya hadithi vilitupwa, eti uongo mtupu. Foronya nilizotarizi ndege, alikaa na mkasi akafumua vichwa, ndege mmoja mmoja, eti sura ya kiumbe chenye roho ni haramu. Binti yangu Shemsa alipokuwa mdogo alipenda kuchora. Siku moja alimchora bibi yake na rika. Baba yake akaichana karatasi mbele yake! Tangu siku hiyo mwanangu akawa anachora watu wasio na vichwa, na mwalimu wake akaniita kuniuliza kama nyumbani kwetu kuna usalama.

Nilivumilia. Nikijiambia, mume wangu ni mkali, lakini anaamini anachokisema. Mtu mwenye imani yake humvunjii heshima, hata akikuumiza.

Mwaka jana akaniaga anakwenda Nizwa kwenye darsa za dini. Akarudi anang'ara, na bakuli la halwa lenye kifuniko cha dhahabu. "Kuleni, halwa ya Nizwa hii." Tukala na kahawa, mimi na wanangu. Nikamshukuru!

Mchana wake wifi yangu akanipigia simu. "Shoga, mie siwezi kukuficha tena. Tazama nilichokutumia."

Ilikuwa video. Ukumbi wa hoteli, Qurum, mtaa wa wenye nazo hapa hapa Muscat. Fidla, ganuni, na mwimbaji wa kike aliyevaa gauni la kumeremeta. Na nani anakwenda mbele kumtunza mwimbaji, mabega yanacheza, meno yote nje? Nassor! Pembeni yake bibi harusi, na juu ya kila meza bakuli la halwa lenye kifuniko cha dhahabu.

Nilitapika, wasomaji. Nilikuwa nimeila halwa ya harusi ya mume wangu na kumwambia ahsante.

Jioni nilimkabili. Kuoa mke wa pili sikumuuliza. Nilimuuliza kitu kimoja: kaseti ya mama yangu iko wapi?

"Kaseti gani? Ile? Niliivunja siku ile ile."

"Na muziki wa juzi?"

Hakuona hata haya. Akarekebisha kofia yake, akasema, "Wale watu wakubwa, hawakubali harusi ya kimya. Nyie mlikubali."

Nyie mlikubali... Kumbe shetani wa Hamriya ndiye aliyekuwa haramu, wa Qurum ana ruhusa! Nilimtazama ndevu zile zilizochanwa vizuri, nikahisi kama nimelala na kitu kilichooza. Niliondoka kwake kwa talaka, nami sijuti.

Msinielewe vibaya. Naswali, nafunga. Wapo watu hawasikilizi muziki kwa ajili ya Mola wao, nawaheshimu, kwani hujizuia wao kwanza. Ninayemchukia ni yule anayewafungia wengine mdomo ili yeye aonekane msafi.

Sasa Shemsa amechumbiwa. Nimemtungia wimbo. Sauti yangu mbovu, imezoea kunong'ona, lakini rika la mama ninalo. Kila akiingia jikoni nanyamaza na kumfukuza.

Nanyi dada zangu, nawasihi! Akija mchumba na sharti la kumnyamazisha mama yenu, msiseme ndiyo haraka kwa kuogopa kadi zilizogawiwa. Muulizeni kwanza kama na harusi yake ya pili itakuwa kimya. Mimi sikuuliza, na wimbo wangu mpaka leo siujui.