Mishmishi Ndani ya Friza

Miti minne ya mishmishi ilikufa Al Qusais, Dubai, Desemba 2016. Aliyeiua ni Jairus. Hakuiua kwa ubaya. Aliiua kwa kujifanya anajua.

Jairus alikuwa Mkenya wa Vihiga. Kazi yake ilikuwa kupanga katoni za kuku katika ghala la vyakula. Kuku hao walikaa kwenye friza, chumba kikubwa chenye baridi ya nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Mke wake, Phyllis, alifanya kazi za nyumbani Al Barsha kwa mama mmoja mtu mzima, mzaliwa wa milima ya Omani. Jioni mume na mke walikutana katika chumba chao cha kupanga, wakasonga ugali, wakapeana habari za siku.

"Madam amelia leo," Phyllis alisema jioni moja.

"Umevunja nini?"

"Sijavunja kitu, Baba Annah. Ni ile miti yake mitano ya vyunguni. Inaitwa mishmishi, ile ya matunda madogo ya njano yenye kokwa moja. Marehemu baba yake aliipanda kwa mbegu, akaimwagilia maji miaka kumi na miwili. Haijawahi kutoa ua hata moja. Madam anasema bila baridi haichanui, na hapa Dubai baridi itoke wapi?"

Jairus alicheka mpaka akapaliwa na ugali. "Baridi? Mwambie madam mwenye baridi ni mume wako! Miaka sita niko ndani ya friza. Siku nne tu, miti hiyo itachanua mpaka ashangae."

"Una uhakika?"

"Kwani hii pua yangu inavuja kwa sababu gani, Mama Annah?"

Madam akakubali. Pikapu ya rafiki yao ikabeba miti minne. Wa tano haukupata nafasi.

Siku za sikukuu ya taifa ghala lilikuwa kimya. Jairus aliiingiza miti kwenye friza kwa siri, majani yake yakiwa bado mabichi. Siku ya nne aliitoa. Udongo ulikuwa mgumu kama jiwe. Kufikia adhuhuri majani yalikuwa yamelegea na kuwa meusi, kama sukuma wiki iliyosahaulika kwenye sufuria.

Moyo wake ulimwambia ukweli, naye akaunyamazisha. Aliyang'oa majani yote, akayatupa kwenye pipa la taka. Akavipanga vyungu nyuma ya ghala, karibu na bomba la maji. Kisha akampigia mke wake simu.

"Majani yameanguka. Miti imelala."

"Asante Yesu!" Phyllis akasema. Akampelekea madam habari. Madam akawaalika dada zake wawili waje Machi kuona maua ya baba yao.

Kila Phyllis alipouliza, Jairus alijibu, "Bado imelala." Aliacha kabisa kupita nyuma ya ghala.

Wiki tatu baadaye, Yaarub aliviona vyungu. Yaarub alikuwa msimamizi wa chumba cha matunda, Mwomani ambaye wazazi wake waliishi Unguja. Kiswahili chake kilikuwa cha huko.

"Jairus! Vyungu hivi vya nani?"

"Vya madam wa mke wangu. Miti imelala."

"Imelala?" Yaarub akatoa kisu cha kukatia katoni. Akapasua jicho moja, yaani kile kichipukizi kidogo kinachokaa ubavuni mwa tawi. Ndani lilikuwa la kahawia. Akapasua la pili, la tano, la kumi. Yote kahawia. "Jicho lililolala, ndani yake ni kijani. Haya yamekufa, bwana wee. Miti hii uliipeleka wapi?"

"Kwenye friza."

"Kwa kuku?"

"Kwa kuku."

Yaarub hakucheka. Jairus alitamani angecheka.

"Nisikilize," Yaarub akasema. "Mjomba wangu ana mishmishi Jabali Akhdar, milimani Omani. Kule baridi haiji siku moja. Siku zinafupika, hewa inapoa kidogo kidogo, mti unaacha majani wenyewe. Jicho linapunguza maji ndani yake, linaongeza sukari. Sharubati nzito huganda upesi kama maji?"

"Hapana."

"Basi ndiyo kinga yake hiyo. Barafu ikija, jicho lililojiandaa huvumilia. Wewe umechukua mti ulio macho, umejaa maji, ukautupa kwenye baridi ya kuku. Maji yakaganda, yakapasua kila kitu ndani. Na mizizi je? Mlimani imefunikwa na ardhi. Chunguni imefunikwa na nini?"

"Na udongo kidogo tu," Jairus akasema.

"Na hata ingepona, siku nne ni nini? Jicho linataka wiki nyingi za baridi ya wastani, nyuzi tatu au nne juu ya sifuri. Likitosheka, joto ndilo huliamsha. Baridi hiyo iko chumbani kwangu, ukuta mmoja na friza yako. Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilishasema najua," Jairus akajibu. "Niliona haya."

Jioni ile alimweleza Phyllis yote. Phyllis aliweka kijiko chini.

"Kwa hiyo kila asubuhi nimekuwa nikimdanganya yule mama kwa mdomo wangu?"

"Mimi ndiye nimedanganya."

"Mdomo ulikuwa wangu, Jairus." Hakumwita Baba Annah.

Ijumaa walikwenda Al Barsha, Yaarub akiwa mkalimani. Jairus alisimama sebuleni bila viatu, soksi moja imetoboka.

"Madam, niliua miti yako. Majani niliyang'oa mimi ili nifiche. Phyllis hakujua."

Madam hakupiga kelele. Alitazama nje, kwenye mti wa tano. Kisha akamnyooshea Phyllis mkono.

"Ufunguo."

Phyllis alikuwa ameshika ufunguo wa nyumba ile kwa miaka mitano. Akautoa kwenye mkoba na kuuweka kwenye kiganja cha madam.

Yaarub aliongea naye Kiarabu kwa muda mrefu. Mwishowe madam akautoa mti wa tano, kwa sharti moja. Jairus autunze mwenyewe, na kila siku atume picha ya kipimajoto.

Safari hii hawakufanya kwa siri. Walimwomba arbab, mwenye ghala, akawapa kona. Kwanza mti ulikaa nje wiki mbili kwenye ubaridi wa Januari, ukipewa maji kidogo, mpaka majani yakageuka manjano na kudondoka. Ndipo ukaingia chumba cha nyuzi tatu, chungu kimefungwa nailoni udongo usiguse vyakula. Jairus aliuweka upande wa matofaa.

"Yalla, toa hapo!" Yaarub akasema. "Matofaa yakiiva hutoa hewa inayoharibu macho ya miti. Peleka kwenye karoti."

Ulikaa wiki sita, udongo ukiwa na unyevu kidogo tu. Ulipotolewa, uliwekwa kivulini kwanza. Macho yakaanza kuvimba.

"Tuurudishe ndani kidogo, upate nguvu zaidi?" Phyllis aliuliza.

"Hapana! Jicho likishaamka limevua koti. Baridi kali ikilikuta, linakufa." Kisha Jairus akaongeza, "Si mimi niliyejua. Ni Yaarub aliyenifundisha."

Machi mti ulitoa maua kumi na tisa, meupe yenye wekundu kidogo. Dada za madam walikuja. Walisimama mbele ya chungu kimoja, mahali palipokuwa na vitano. Mei mti ukazaa mishmishi sita.

Gharama yake ni hii. Miti minne. Miaka kumi na miwili ya kazi ya mzee ambaye hawezi kupanda tena. Wiki tatu za uongo. Na Phyllis, ambaye hakung'oa jani hata moja, sasa hubonyeza kengele kila asubuhi na kungoja mlangoni mpaka afunguliwe.